Tumbo Lisilo na Mtoto

Kama tumbo lako limevimba na watu wameanza kukuhesabia miezi, haya nayaandika kwa ajili yako. Sitakuambia uwe na subira. Mimi niliambiwa hivyo na watu waliokaa kivulini, nami nimesimama juani kwenye foleni, na mpaka leo mtu akilitamka neno hilo mbele yangu, naondoka. Nitakuambia tu yaliyonipata, ili usidhani uko peke yako, wala usidhani kwamba kukasirika ni dhambi.

Naitwa Nakiru. Nilizaliwa upande wa Nakalale, kwenye boma la mbuzi na mbwa, nikaolewa Kakuma mjini na mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alifariki wakati mtoto wetu wa pekee, Asekon, alikuwa bado mdogo. Sikuolewa tena. Siku za wiki nilikuwa nauza mitumba sokoni, na Jumapili nilikuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la mabati kando ya laga. Laga ndio mto wetu: karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, halafu siku moja unashuka na maji yanayobeba ng'ombe.

Niliwafundisha watu wazima waliokuwa wanajiandaa kubatizwa, Waturkana pamoja na wakimbizi wa Kongo na Burundi waliotoka kambini. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Mungu kuwa mtu. Nilisema Mungu hakutuma mjumbe, alikuja mwenyewe. Aliacha ukuu wake akaingia tumboni mwa msichana ambaye hakuwa amekaa na mume, akazaliwa mahali pa mifugo. Kwa watu wa hapa hilo halihitaji maelezo marefu. Wengi wetu tumezaliwa hapo hapo.

Ugonjwa ulianza wakati wa kiangazi. Nilihisi uzito chini ya mbavu za kulia, kama mtu ameniwekea jiwe na kusahau kulitoa. Zahanati wakaniambia ni amiba. Nikameza dawa za amiba. Wakasema basi ni vidonda vya tumbo, nipunguze pilipili. Nawaambia sili pilipili, wananiambia niipunguze.

Mvua zilipoanza, tumbo lilikuwa limetoka. Lilikuwa gumu, limekaza kama ngoma, ngozi inang'aa. Mikono nayo ilikuwa inakonda. Nilikuwa naiangalia wakati nafua, nikaona mifupa ya kiwiko imechomoza kama ya bibi yangu alipokuwa anakaribia kufa. Lakini watu hawaangalii mikono. Wanaangalia tumbo.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Ewoi, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, alinisubiri mlangoni. Ni mwanamke mkubwa kunizidi, shanga zake safi, sauti yake ya upole siku zote. Alinisalimu vizuri.

"Ejok, Nakiru."

"Ejok."

"Hii tumbo ni ya nani?"

"Ni yangu. Naumwa."

"Ugonjwa iko na baba yake," akasema, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka wakiwa wameziba midomo.

Wiki iliyofuata wazee wa kigango waliniita. Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Waliongea kama watu wanaomkinga mgonjwa asianguke. Wakasema nipumzike kufundisha "mpaka mambo yako yaishe." Nikawauliza mambo gani. Mmoja akaangalia chini. Mama Ewoi akasema, "Mpaka ujifungue, Nakiru. Usitufanye tuseme."

Na unajua ilikuwa lini? Majilio, majuma ya kungoja Noeli, yalikuwa yanaanza. Walinitoa mbele ya darasa kwa sababu ya tumbo, Jumapili ile ile ambayo somo lilikuwa la binti aliyeonekana na mimba na hakuna aliyemwamini. Mtu mwingine alisimama mahali pangu akalifundisha. Nilikaa nje, nimeegemea bati lililokuwa linachoma mgongo, nikawasikia wote ndani wakiimba kumsifu binti yule. Nilitamani kuingia niwaulize, "Mnamwimbia kwa sababu yuko mbali? Angekuwa anakaa hapa Kakuma mngemwambia apumzike?" Sikuingia. Nilikuwa sina pumzi ya kuinuka haraka.

Habari zilifika Lodwar kabla yangu. Binti yangu Asekon alikuwa anasuka nywele saluni huko. Akanipigia simu.

"Mama, ni kweli?"

"Si kweli. Naumwa."

"Watu wamekuona."

"Wameona tumbo. Wewe mwanangu unaniambia wameona nini?"

Akasema, "Umeniaibisha," akakata. Nikipiga tena, simu haipokewi.

Aliyenipeleka hospitali alikuwa Mama Furaha, Mkongomani, mmoja wa wanafunzi wangu wa ubatizo. Alikuja kwenye meza yangu ya mitumba akanikuta nimeinama juu ya nguo nalia. Alivuta ndoo akakaa.

"Dada, kama ni mutoto, tutamulea," akasema. "Kama ni bugonjwa, twende hospitali. Sasa weye unalilia nini?"

Ninyi mnaosoma haya na hamuumwi, lakini mna mtu anayeumwa, yashikeni maneno hayo ya Mama Furaha. Hakuniuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Hospitali ya Kakuma nilifika nikakaa benchi la wagonjwa. Muuguzi alipita, akaniona, akapaza sauti, "Wewe mama wa kliniki, mistari ya wajawazito iko huku!" Nilikataa. Akaniambia nisimchezee. Nikahamia kwa wajawazito, na wasichana wakasogea wakaniachia nafasi ukutani, mmoja akanipa maji yake. Nilipolala kitandani wauguzi wakatafuta mapigo ya moyo wa mtoto. Wakatafuta juu, wakatafuta chini. Muuguzi mwingine akaitwa. Nikawaona wanaangaliana.

"Mama, mtoto anacheza?"

"Hakuna mtoto."

Akanishika bega kwa huruma. Alidhani mtoto amekufa nami sitaki kukubali. Na nikuambie jambo la aibu ambalo mwili unaweza kukufanyia: kwa muda ule, nikiwa nimelala pale nikitazama dari, mimi mwenyewe nilianza kumlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo. Watu walikuwa wamemsema sana mpaka nikafiwa naye.

Wakaniandikia niende Lodwar kupigwa picha ya tumbo. Laga ilikuwa imejaa, magari yamepanga foleni kutoka upande wa Lokichoggio yakisubiri maji yashuke. Msafirishaji mmoja Msomali, Abdi, alimwona Mama Furaha akinishikilia kwapani. Alimtoa kijana wake kwenye kiti cha mbele akaniweka mimi, na akaukunja mkeka wake wa kuswalia akauweka mgongoni mwangu ili barabara isinitikise. Njia nzima hakuniuliza swali hata moja. Alizungumza habari za matairi. Mungu ambariki Abdi na matairi yake.

Asekon alifungua mlango wa chumba chake Lodwar akalitazama tumbo kwanza, mimi baadaye. Jirani alichungulia kutuamkia.

"Huyu ni shangazi yangu," Asekon akamwambia.

Nilimpita nikaingia ndani. Nilikuwa nimechoka, lakini neno lile liliniingia mahali ambapo kisu cha daktari baadaye hakikufika.

Kwenye chumba cha picha, daktari alinipaka mafuta baridi akatembeza kifaa, akageuza kioo nione. Lilikuwa duara kubwa jeusi, na ndani yake viduara vingine, kama mayai ndani ya yai.

"Mama, hapa hakuna mtoto," akasema. "Huu ni mfuko wa maji, umeota kwenye ini. Unaletwa na mnyoo wa mbwa. Nyumbani kwenu mlikuwa na mbwa?"

"Nani hana mbwa?"

"Umekuwa ukikua miaka mingi. Labda tangu utoto."

Nilipotoka nilimwambia Asekon, aliyekuwa amesimama barazani bila kunitazama. "Ni minyoo ya mbwa." Akaanza kulia. Akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia, "Sitaki." Hivyo ndivyo nilivyosema, na sikuwa natania.

Noeli ilinikuta Lodwar kwenye chumba kile cha joto. Daktari alitaka nimeze vidonge kwanza, niache, nimeze tena, ili mfuko ulegee kabla ya upasuaji. Aliniambia nisibebe kitu kizito wala nisianguke, maana ukipasuka ndani naweza kufa papo hapo. Basi nililala chali kama mtu aliyebeba bomu. Vidonge vilinitoa nywele. Asekon, msusi, aliziokota kwenye mto wangu asubuhi akazifunga kwenye leso, sijui alikwenda kuzitupa wapi. Tulikuwa tunaongea mambo ya lazima tu. Umekula? Nimekula. Maji yapo? Yapo.

Kutoka kanisani Kakuma hakuna aliyepiga simu.

Walinipasua wakati wa Kwaresima. Kabla ya hapo nilirudishwa mara mbili: mara ya kwanza daktari wa upasuaji hakufika, mara ya pili damu ya kuniongezea haikuwapo. Kila mara unalala na njaa, unavuliwa nguo, unavishwa gauni lililo wazi nyuma, unasubiri kwenye benchi pamoja na wengine waliovaa hivyo hivyo, mmeshika vitambaa visifunguke, halafu unaambiwa uvae urudi nyumbani. Mzee mmoja kutoka Ferguson's Gulf, mvuvi, alikuwa pembeni yangu na ngiri yake. Aliporudishwa mara ya pili alisema kwa sauti, "Hata samaki tunamwua siku tunayomshika." Tulicheka mpaka tukashika matumbo, na kwangu kicheko kilikuwa hatari kweli.

Upasuaji ulikwenda salama. Lakini ini lilibaki linavuja, wakaniwekea mrija ubavuni uliokuwa unatoa maji ya manjano kwenye mfuko. Wakasema utakauka. Haukukauka. Pasaka ikapita, mvua za masika zikaja zikapita, mrija upo. Ulikuwa unanuka. Nilikuwa nanuka. Kuna harufu ambayo mtu akiingia wodini anaitafuta kwa macho, halafu anafika kwako anaacha kutafuta.

Padri alikuja kuniona kipindi hicho. Alikuwa amesafiri kutoka Kakuma na vumbi lilikuwa bado kwenye viatu vyake, kwa hiyo sikumfukuza. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Nakiru," akasema, "Yesu anakuelewa. Alikuwa na mwili kama wako."

"Kama wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Padri, alikuwa kijana wa kiume mwenye afya. Alitembea nchi nzima kwa miguu. Mateso yake yalianza na kuisha ndani ya siku mbili, na watu wakaandika. Mimi nakojoa kwenye beseni. Nani alimwona Yesu anakojoa kwenye beseni? Alishuka, nimefundisha mwenyewe kwamba alishuka. Lakini alishuka mpaka wapi? Huku hakufika."

Padri aliutazama mrija ubavuni mwangu, akafungua mdomo.

"Usithubutu kuniambia habari za ubavu wake uliochomwa mkuki," nikamwambia.

Akaufunga. Kisha akabaki. Alikaa mpaka chakula cha mchana kikaja, akanishikia sahani nikala. Kati ya mahubiri yake yote ambayo nimeyasikia, hilo ndilo ninaloliheshimu.

Siku niliyovunjika ilikuwa ya kawaida tu, mchana, joto la Lodwar limekaa juu ya bati la wodi. Mfuko wa mrija ulifunguka. Maji yakamwagika kitandani, na kwa sababu nilikuwa dhaifu, na mambo mengine yakanitoka. Asekon alikuwa hapo. Alileta maji na kitambaa, akaanza kunigeuza.

"Niache," nikamwambia.

"Mama, lala ubavu."

"Niache nimesema! Kamwite muuguzi."

"Muuguzi yuko mmoja. Lala ubavu."

Nilipiga beseni kwa mkono. Maji yakamrukia usoni na kifuani. Wodi nzima ikatugeukia. Asekon hakujifuta. Akasema kwa hasira, hasira yangu mimi iliyorithiwa, "Wewe ulinipangusa!"

"Ulikuwa mtoto mchanga!"

"Na wewe sasa hivi ni nani?"

Akaenda kuchota maji mengine. Nililala katika uchafu wangu nikimsubiri, kwa sababu sikuweza kufanya lolote lingine, na hapo ndipo lile somo langu lilinijia upya na kunikasirisha kuliko wakati wowote.

Maana nilikuwa nimefundisha kwamba Mungu alinyenyekea kwa kutumikia. Kwa kuosha miguu ya watu. Lakini kuosha mtu si kazi kubwa. Nimeosha mume wangu akifa, nimeosha mtoto wangu, na kila mara nilikuwa mimi mwenye nguvu. Kazi kubwa ni kuoshwa. Ni kulala ukiwa umejichafua, ulimi haukusaidii, unangoja mikono ya mtu mwingine ije, na hujui kama itakuja kwa upole au kwa kinyaa. Kama kweli alizaliwa, basi alilala hivyo. Yeye aliyeumba laga na mlima alilala hivyo akalia, mpaka yule binti akaja akamgeuza ubavu.

Usidhani nilifarijika. Nilimwambia Mungu kwa sauti, na mama wa kitanda cha pili alisikia: "Ulifika huku kumbe! Mbona ulikaa kimya? Mbona uliacha watufundishe kuhusu nyota na malaika, hili hukusema?" Nililia kwa ghadhabu. Asekon aliporudi nililala ubavu. Alinipangusa taratibu, sehemu zote, akabadilisha shuka, na alipomaliza hatukusema asante wala karibu. Lakini tangu siku ile sikulipiga tena beseni.

Mrija ulitolewa kiangazi kiliporudi. Nilirudi Kakuma nikiwa mwembamba, kovu limekatiza tumbo kama barabara, na vidonge vya kuendelea kumeza, kwa maana mnyoo huu unaweza kurudi. Mama Ewoi alikuja nyumbani na sukari na majani ya chai.

"Nakiru, ungetuambia mapema ni ugonjwa," akasema. "Tusingekufikiria vibaya."

"Nilikuambia mlangoni."

"Basi tusamehe. Kumbe haikuwa mimba."

Nilitaka kuipokea sukari yake nikanyamaza. Lakini nilishindwa. "Na kama ingekuwa mimba?" nikamwuliza. "Ingekuwa mimba, Mama Ewoi, mngekuwa mmefanya vizuri?" Kila mtu sasa ananihurumia kwa kuwa imejulikana sikuwa na mtoto tumboni, na hilo mimi silipokei kama msamaha. Wasichana wa foleni ya kliniki waliniachia ukuta na maji wakidhani nina mimba. Kanisa langu lilinifukuza likidhani hivyo hivyo.

Padri ndiye aliyeniomba nirudi kufundisha. Nilirudi Majilio yalipoanza. Mama Furaha, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshabatizwa, alikuja akakaa benchi la kwanza kunilinda, ingawa hakuna aliyenitishia. Nikawafundisha nilichokijua. Niliwaambia Mungu alipokuwa mtu hakuanza na kuhubiri. Alianza na kutapika maziwa, kujichafua, na kungoja kupanguswa. Nikawaambia mtu akilala kitandani hawezi kujigeuza, asifikiri ameshuka chini ya mahali ambapo Mungu alifika.

Mama Ewoi alisimama nyuma.

"Katekista," akasema, "unamvunjia Mungu heshima."

"Heshima ndiyo aliyoiacha, mama," nikamjibu. "Sisi ndio tunaomrudishia kwa nguvu, ili asitukaribie."

Hakukaa, wala hakutoka. Alibaki amesimama vile vile, na nikaendelea na somo.

Jioni Asekon alipiga simu kutoka Lodwar. Alisema saluni ina kazi nyingi msimu huu, lakini anaweza kuomba ruhusa. Aliniuliza kama nimemeza vidonge. Nimemeza. Kama kovu linawasha. Linawasha. Kisha nikasikia pikipiki zikipita kwake.

"Mama, bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Basi Noeli nisije?"

"Asekon," nikamwambia, "nimesema nina hasira. Sijasema usije."